Kabla ya Yai la Kwanza

Jumamosi, 2 Novemba

Bwana Mifugo amesema kila anayefuga aandike kumbukumbu. Haya, naandika. Daftari ni lile la Fizikia la kidato cha pili. Limebakiwa na kurasa nyingi kwa sababu mimi na Fizikia tuliachana mapema, tena bila ugomvi.

Vifaranga: hamsini. Waliokufa: hakuna. Mfugaji: Luhende Mayala wa Migato, miaka kumi na saba, kijana mwenye sura nzuri kuliko wote kitongojini. Hilo la mwisho sikuulizwa, lakini na lenyewe ni kumbukumbu.

Niandike jinsi nilivyoingia mtegoni. Mwezi uliopita kwenye harusi ya jirani nilisema mbele ya watu kuwa kufuga kuku ni kazi ya kufanya umelala, jicho moja likiwa wazi, lingine likiota ndoto. Watu wakacheka. Nikaongeza chumvi. Kumbe baba kasimama nyuma yangu na sahani ya pilau. Kesho yake aliuza mbuzi wawili.

Mimi nataka kwenda Lamadi kwa mjomba Januarius, fundi wa pikipiki na injini za mitumbwi. Mjomba ameshakubali. Sanduku la mbao la kuwekea nguo zangu nimelipigilia misumari mwenyewe, lina komeo. Kilichobaki ni ruhusa ya baba, na baba ni mlango usio na kitasa.

Leo Method, rafiki yangu wa bodaboda, kaleta boksi linalolia pi-pi-pi kutoka Bariadi. Baba akanikabidhi.

"Anayetaka kushika injini za watu ashike kwanza roho ya kuku. Wakitaga, utakwenda Lamadi. Kabla ya yai la kwanza hutoki."

"Wanataga baada ya muda gani?"

"Miezi mitano."

"Miezi mitano! Baba, hata mahabusu..."

"Mahabusu hapewi kuku."

3 Novemba

Nimehamia stoo na godoro langu. Vifaranga wanataka joto, joto linataka mkaa, mkaa unamtaka Luhende. Wakisongamana wana baridi, wakitawanyika wamezidiwa na moto. Hayo kanifundisha Bwana Mifugo. Jina lake dada Felisita, lakini huku cheo ni cheo, hata mzee wa miaka themanini anamwamkia "Bwana Mifugo, mwangaluka!" naye anaitika.

5 Novemba

Waliokufa: wawili. Walilaliwa na wenzao nilipokwenda tu kisimani kuangalia nani kaja kuchota maji.

Baba aliwatazama, akasema, "Ng'ombe ukimsahau siku moja anakusamehe. Kifaranga hana muda huo."

Arobaini na nane.

9 Novemba

Chanjo ya kwanza ya kideri, ugonjwa unaomaliza banda zima, tone moja kwenye jicho. Felisita anadondosha, mimi nakamata. Alinisifu kuwa nina mikono mepesi. Nilimwambia nina vingi vyepesi. Akasema kichwa ameshakiona.

14 Novemba

Mvua. Nimekaa na kuku.

15 Novemba

Mvua. Kuku.

21 Novemba

Mwenyekiti wa kitongoji kapita anatangaza: watu wanapanda, kila mtu afunge kuku wake, kuku akikutwa anafukua mbegu za mwenzie atageuka mboga. Kwa hiyo kuku wamefungwa. Na mwenye kuku kafungwa nao. Tofauti yetu ni kwamba wao wanaletewa chakula mpaka miguuni.

Mdogo wangu Sayi, yuko darasa la saba na ulimi wa profesa, kachungulia dirishani.

"Kaka, nikuletee maji na wewe kwenye kopo?"

"Nitakutandika."

"Utatokaje? Ukifungua mlango wanatoka."

Kweli nilishindwa kutoka.

23 Novemba

Chanjo ya pili. Felisita kaandika kwenye daftari lake, kasema ya tatu ni katikati ya Februari, tusiruke, kideri hakibishi hodi.

8 Desemba

Nimewapa majina, ila wachache, wasije wakajiona. Kuna Mbunge, anakula kwanza kisha anawafukuza wengine. Kuna Mwalimu, anazungukazunguka bila sababu. Kuna mmoja mwekundu mdogo hana jina, ananifuata mguuni kama deni. Nimemwita Deni.

25 Desemba

Krismasi. Watu wote kanisani wamevaa. Mimi niliwahi misa ya kwanza, nikatoka kabla ya baraka kwa sababu ya kumwaga maji machafu na kuweka mapya. Padri aliniona. Mungu naye bila shaka, lakini Mungu alikuwapo pia bandani.

11 Januari

Pamba imepanda magotini, watu wanapiga dawa. Kuku akila mdudu aliyepigwa dawa anakufa, kwa hiyo baba kasema wasitoke mpaka atakaposema yeye. Tumejenga banda kubwa la fito na udongo, mlango wa wavu. Mimi ndiye niliyefyatua matofali ya msingi. Ni gereza zuri. Fundi wake anakaa ndani.

Mjomba Januarius kapiga simu. Kuna kijana mwingine anaomba nafasi yangu. Amesema atanisubiri mpaka Pasaka, zaidi ya hapo biashara haina undugu.

19 Januari

Method kasimamisha pikipiki mbele ya wavu. "Mfungwa Luhende! Una mgeni!" Halafu akanipa andazi kupitia tundu. Nililila. Ninakiri.

2 Februari

Arobaini na wanane wote wazima. Majirani wanakuja kutazama. Mama Boniventura wa ng'ambo ya shamba kasema hajaona kuku wanene hivi Migato nzima. Nimemwambia si kuku tu, ni elimu. Kaniuliza elimu gani, ile niliyoiacha au ile iliyoniacha? Kina mama wa huku hawana huruma.

15 Februari

Leo nilitoka.

Kulikuwa na bonanza Lagangabilili, mpira, muziki, kila kitu. Method alisema anaondoka saa nne na atanirudisha kabla ya jua kuzama. Nikakumbuka ni siku ya Bwana Mifugo kuja na chanjo. Kuwakamata kuku arobaini na wanane ni mchana mzima, wamekuwa wakubwa na wana kucha. Nikamwita Sayi.

"Bwana Mifugo akija mwambie wameshachanjwa."

"Na nani?"

"Mwambie kaka alichukua dawa Bariadi akawachanja mwenyewe."

"Huo ni uongo, kaka."

"Ni ukweli uliochelewa. Nitaichukua wiki ijayo."

Nilikula chipsi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilimwona msichana mmoja aliyeniona. Upepo ulinipiga usoni kwenye pikipiki, nikahisi kama nimetoka miaka mitatu jela. Niliporudi kuku wote wazima, Mbunge kalala juu ya Mwalimu. Sayi kasema Bwana Mifugo alikuja, akaandika, akaondoka.

Siku moja tu. Hakuna aliyekufa.

22 Februari

Mvua. Barabara ya Bariadi imekatika. Dawa wiki ijayo.

1 Machi

Sengi kaja! Kwetu sengi ni shangazi, na huyu ni sengi Milembe, dada mkubwa wa baba, kaolewa Lingeka, Meatu. Kapanda gari mbili na kutembea kwenye tope, amebeba kapu kichwani na kuku jike mweupe kwapani.

"Mwadila, Luhende! Mhola?"

"Mhola duhu, sengi."

"Nimesikia wewe sasa ni tajiri wa kuku. Tajiri haendewi mikono mitupu. Mume wangu alimpata mnadani juzi. Pokea."

Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti, kama inavyotakiwa. Kuku wa mgeni hafungwi pembeni, hasa kuku wa sengi. Anaingizwa na wenzake mwenyewe akiona, ndiyo dalili kwamba umekubali mkono wake. Ukimfunga kamba nje unamwambia mgeni: nakuogopa. Kuna watu wametengana ukoo kwa kamba moja ya kuku.

Kwa hiyo nilifungua wavu, nikamwingiza. Sengi akapiga makofi. Yule mweupe akajikunyata kwenye kona.

Nikamwuliza, "Mbona kapoa?"

"Safari. Hata mimi nimepoa."

Felisita alishanifundisha kuhusu kuku wageni. Nakumbuka vizuri. Kuku mgeni akae peke yake siku kumi na nne. Lakini Felisita hana sengi Lingeka.

4 Machi

Kuku mweupe kafa. Sengi kahuzunika, kasema uchovu wa safari haukumwisha. Tulimzika nyuma ya choo.

Sengi ananipikia ugali wa mtama na kuniambia hadithi za baba alipokuwa mdogo. Baba aliwahi kupoteza ndama watatu kwa kwenda kucheza ngoma! Na hajawahi kuniambia! Nilicheka, sengi akacheka, akakohoa kwa moshi, macho yamemwiva kama pilipili.

7 Machi

Mwalimu hazunguki. Amesimama mahali pamoja, mabawa yameshuka kama koti la mtu mwingine. Kinyesi kijani.

8 Machi

Waliokufa: watano.

9 Machi

Kumi na mmoja, na Mbunge. Wanakoroma wakipumua. Baadhi shingo zinapinda, wanatazama juu kama wanasubiri mtu ashuke. Nimemwaga maji, nimeweka mapya, nimeosha vyombo kwa majivu, nimeweka shubiri, nimefanya kila kitu ambacho mtu anafanya akiwa amechelewa.

Method alikuja jioni, akachungulia, akapiga mluzi.

"Kesho mnada. Wakamate wote ambao bado wanasimama, nawapeleka kwenye pikipiki. Utaokoa hata nusu."

"Wanaumwa."

"Anayenunua atachinja kesho hiyo hiyo. Nani atajua? Kila mtu anafanya."

Nikamtazama. Nikamkumbuka yule mweupe, kwapani mwa sengi. Mnadani juzi. Kuna mtu Meatu alichungulia bandani mwake, akaona mabawa yameshuka, akasema kila mtu anafanya.

"Ondoka, Method."

"Unanifukuza mimi?"

"Na uoshe matairi ukifika kwako."

10 Machi

Kumi na saba kwa siku moja. Nimechimba shimo refu kuliko mimi. Sayi alibeba kwa ndoo, hakusema neno, na Sayi asiposema neno nyumba nzima inasikia. Mwishoni akasema:

"Niseme mimi au utasema wewe?"

"Kusema nini?"

Akaenda kunawa.

11 Machi

Leo niandike yote, hata kama wino utaisha.

Asubuhi Mama Boniventura kaja kutoa pole. Kuku wake watatu nao wamekufa. Alikaa kwenye kigoda, akasema polepole, kama mtu anayetupa jiwe dogo kwenye maji: "Kuku hawa walikuwa wazima mpaka alipofika mgeni. Na mkono uliowaletea... nyie mmemtazama macho?"

Mama akamwambia, "Ni moshi ule."

"Sijasema kitu. Nimeuliza macho."

Mpaka saa saba kitongoji kizima kilikuwa kimeuliza macho. Saa tisa wakaja watu wanane uani, mwenyekiti mbele, wakasema wanataka tu kuongea na huyo mama wa Lingeka, aeleze alikuja na nini. Kuongea tu. Huku kwetu "kuongea tu" na bibi mwenye macho mekundu, yanayohesabiwa kuwa ya mchawi, si kitu cha kuchekea. Hata mimi ninayecheka misibani nilijua hivyo.

Sengi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliwatazama, akatambua kwa nini wamekuja, akaushika mwiko kwa mikono miwili. Mama mzima huyu, anayevuka mto wenye maji kiunoni bila kuinua sauti. Akasema, "Nilileta kuku. Nilileta kuku kwa mtoto wa ndugu yangu." Basi. Alirudia mara tatu.

Baba alisimama mbele yake.

Na mimi hapo nilikuwa najua kitu kimoja kwa hakika. Nikinyamaza, mimi ni kijana mwenye bahati mbaya. Baba atanihurumia, mjomba atanihurumia, nitakwenda Lamadi kabla ya Pasaka, kwa sababu nani atamdai yai mtu aliyerogwa? Mlango ulikuwa wazi kabisa. Kilichokuwa kizingitini ni sengi tu, na mwiko wake.

Sayi alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa sauti ya kutangaza mpira. "Ni mimi! Chanjo ya Februari sikuwapa. Nilimwambia Sayi amdanganye Bwana Mifugo, mimi nikaenda Lagangabilili kula chipsi. Kuku wa sengi aliumwa kideri, alinunuliwa mnadani akiwa mgonjwa. Wangu wangechanjwa wangepona. Mmoja mgonjwa hawezi kuua arobaini na wanane waliochanjwa. Muulizeni Bwana Mifugo. Kama mnamtafuta mchawi, ana miaka kumi na saba na alifeli Fizikia."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza natoa mzaha mzuri na hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alimpigia simu Felisita hapo hapo, akaweka sauti ya nje. Felisita alisema dalili zote ni za kideri, na kwamba hata daftari lake limeandikwa "wamechanjwa, kwa maelezo ya mdogo wake". Akauliza nipo? Nikasema nipo. Akasema, "Nilikusifu mikono." Akakata.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Mama Boniventura wa mwisho. Hakumwomba sengi radhi. Alisema kuku wake watatu walikuwa wa kutaga, akaenda.

12 Machi

Sengi kaondoka alfajiri. Hakuaga mtu. Kapu lake kaliacha.

13 Machi

Waliobaki: saba.

20 Machi

Baba hasemi nami. Ananipa kazi kwa kunyoosha kidole.

29 Machi

Saba bado. Felisita kaja, kakaa nje ya uzio, kanifanya nipige chokaa banda zima, nichome matandiko, nichimbe tena. Kasema kuku asitoke wala kuingia. Nyumba kwa nyumba kitongoji kizima wanachanjwa sasa, na mimi ndiye mkamataji. Kila nyumba wananiuliza, "Wewe ndiye wa chipsi?" Ndiyo, mama. Ndiye mimi. Shika bawa hili.

20 Aprili

Pasaka. Mjomba hakupiga simu. Kwa Mama Boniventura nilikwenda kumpalilia pamba siku tatu, hakuniomba, nami sikumwambia ni kwa nini.

26 Aprili

Yai.

Deni kataga! Yule mwekundu mdogo, shingo imepinda mpaka leo, anatembea kama anasoma gazeti la mtu. Yai dogo, lina doa. Nililishika likiwa moto. Nikakaa nalo chini kwa muda, kwa sababu lilikuwa ufunguo, na mlango wenyewe ameshapewa kijana mwingine.

Nilimpelekea baba. Aliligeuza geuza.

"Mjomba wako alipiga jana," akasema. Maneno ya kwanza tangu Machi. "Yule kijana kaiba spana, kafukuzwa. Anakutaka Jumatatu."

Sikuamini. Nilitaka kurukaruka.

"Baba, wale ndama watatu. Ulimwambia babu mwenyewe?"

Alishtuka. Akajua nani kanisimulia. Akanirudishia yai.

"Dada yangu ndiye aliyemwambia babu ni yeye aliyesahau zizi. Alichapwa yeye." Akatazama upande wa Meatu. "Chemsha hilo. Lamadi utapitia Lingeka."

27 Aprili

Lingeka nilifika saa sita na sanduku langu na kapu la sengi, na ndani ya kapu yai moja limechemshwa. Nilioga kabla ya kuondoka, nguo safi, viatu nimevisugua, nisije nikawaletea ugonjwa wangu.

Uani kwake walikuwapo majirani wanapepeta mtama. Mikono ilisimama. Habari ya Migato ilikuwa imefika kabla yangu, na nadhani ile ya macho ndiyo iliyotangulia. Hakuna aliyekuwa amekaa karibu na sengi.

Nilipiga goti, nikampa yai. Nikasema mbele yao wote nilichosema kwetu, bila mzaha. Alisikiliza. Akamenya yai taratibu, akakata nusu, nusu akala.

"Halina chumvi," akasema.

"Ni la kwanza, sengi. Halijajua."

Akacheka, mpaka akakohoa. Halafu akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo. Jogoo mkubwa, mwenye miguu ya njano, amekasirika.

"Pokea."

Kila mtu alikuwa anatazama mikono yangu.

Gari la Lamadi lingepita njia panda saa tisa. Jogoo hapandi gari hadi kwa fundi wa injini. Jogoo akipokewa anarudi Migato, na Migato hawezi kuingia bandani siku kumi na nne, na kwetu kuna mtu mmoja tu anayejua kuhesabu hizo siku na ameapa hatadanganya tena. Jogoo yule alikuwa mzima? Sijui. Sengi naye hajui. Alimshika kwa mikono miwili, kama alivyoushika mwiko siku ile.

Nilipokea. Mikono miwili, goti chini.

"Wabeja, sengi," nikashukuru.

Mwanamke mmoja akasogeza ungo wake, akakaa karibu naye.

28 Aprili

Mjomba kanitukana kwenye simu, kisha akasema wiki mbili, si zaidi, na jogoo huyo nikienda nimletee supu yake. Sayi kasema jogoo hajapewa jina, nikamwambia mgeni hapewi jina mpaka aingie.

Sikuwa na pa kumweka mbali na wale saba. Nimetoa nguo zangu kwenye sanduku la Lamadi, nimetoboa matundu, nimemweka humo chini ya dari la jikoni. Komeo linafunga vizuri. Fundi alijua kazi yake.

Siku ya kwanza. Amekula, amekunywa, ameninyea mkono. Zimebaki kumi na tatu.